Naomba ushauri: ufadhili wa msaada wa kisheria Horohoro na Lunga Lunga

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Mimi ni msaidizi wa kisheria Mkinga, kikundi chetu kimesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kesi zetu ni mirathi, talaka na matunzo ya watoto, na huku mpakani ukoo mmoja unakaa Horohoro, upande wetu, na Kwale, upande wa Kenya.

Juzi kaja mama na bahasha ya kaki: talaka, vyeti viwili vya kuzaliwa, amri ya matunzo. Mume kahamia Lunga Lunga, huko Kwale, anauza samaki. Ni mwendo wa bodaboda tu, lakini kule mama anahitaji wakili wa kule, na mimi mamlaka yangu yanaishia getini. Kanitazama kama vile mpaka nimeuchora mimi.

Tunataka dawati la pamoja na wenzetu wa Kwale. Hela ndiyo shida. Mfadhili wa kwanza kasema fungu lake halivuki mpaka. Wa pili anataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, sisi tuna ya mwaka mmoja (mhasibu wetu ni mwalimu mstaafu, anajitolea).

Sasa, andiko la kuomba ufadhili liwe moja, au kila upande uombe kwao halafu tusainiane makubaliano? Kenya wana sheria yao ya 2016, kwa hiyo usajili ni mbalimbali. Tafadhali msinielekeze Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha, matunzo hayaendi kule. Mwenye mfano wa makubaliano ya namna hiyo naomba anitumie.