Naomba ushauri: mafundi wangu wanahamia kwa mshindani

Habari zenu wakuu. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Morogoro, mafundi sita. Wawili wameshaondoka, mwenzangu wa mtaa wa pili kawaongezea mshahara. Ila yeye hapeleki michango NSSF wala halipi saa za ziada. Mimi nawachangia asilimia 10 juu ya ile 10 wanayokatwa, na wakizidisha saa 45 kwa wiki nalipa mara moja na nusu, kama sheria ya kazi ya 2004 inavyotaka. Fundi anaangalia kinachoingia mkononi, na simlaumu, ana kodi ya nyumba. Lakini Januari ndiyo msimu wetu, na kumfundisha mgeni overloki (mashine ya kushona kingo za kitambaa zisichanike nyuzi) kunanila miezi miwili.

Nipandishe mshahara wa wote, au nilipe kwa kila sare? Michango siachi. Mliopitia hili mlifanyaje?