Mbio zipi za farasi ni ngumu zaidi kubashiri?

DaftariLaJumapili

Habari zenu. Naomba mwongozo kwa wanaojua farasi kuniliko. Tangu mwanzo wa mwaka mimi na shemeji tumekuwa tukienda uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, kila Jumapili. Dau letu ni shilingi mia kila mbio, hatuvuki hapo. Mimi ndiye karani, kila kitu naandika: farasi, joki (anayempanda), uzito, umbali, nyasi kavu au mbichi.

Juzi nikakaa nikajumlisha. Mbio za farasi watano sita wenye rekodi ndefu, tunatoka karibu sare. Lakini zile za farasi ambao hawajawahi kushinda hata mara moja, tumeliwa mara tisa mfululizo. Tisa! Shemeji anasema ni mkosi, mimi nasema kuna kitu hatukioni. Halafu Jumamosi yeye hubeti mbio za Uingereza kwa simu, na huko hataki zingine ila zile za farasi thelathini, eti odi zake, yaani malipo ukishinda, ni tamu.

Swali langu: ni aina gani hasa inayowashinda watu, ili tuiache kabisa?

MtotoWaMombasa

Zote. Hiyo mia nunua chapati.

BabaLeicester

Shemeji yako namwelewa, lakini huko anakokwenda ndiko kugumu kuliko kote. Niko huku Uingereza miaka kumi na minne na mbio za handikepu kubwa zimenila vya kutosha.

Handikepu ni mbio zilizotengenezwa makusudi ili usijue mshindi. Kuna ofisa ambaye kazi yake ni kumbebesha farasi bora uzito zaidi na dhaifu uzito mdogo, na siku akiifanya sawasawa, wote wangefika pamoja. Sasa weka hapo umati. Cambridgeshire ya Newmarket ni kama mita 1,800, njia imenyooka, farasi hadi 35. Wakishaanza wanajigawa, kundi huku, kundi kule, yaani ni kama mbio mbili zinazokimbiwa kwenye uwanja mmoja. Farasi wako anaweza kuwa wa kwanza kwenye kundi lake na bado awe wa kumi.

Grand National, ile mbio ndefu ya kuruka ya huku, ndiyo usiseme. Vizuizi 30 vya kuruka. Mwaka 1967 farasi waliangukiana kwenye kizuizi cha 23, na Foinavon aliyekuwa nyuma sana akapata upenyo akapita peke yake. Odi yake ilikuwa mia kwa moja. Mwaka 2009 Mon Mome naye akashinda kwa odi hiyo hiyo. Tangu 2024 wamepunguza farasi kutoka 40 hadi 34, lakini mimi sioni kama hesabu imekuwa rahisi.

SaisiMstaafu

Dada, nimekuwa saisi, mtunza farasi, zaidi ya miaka ishirini, nimelala bandani na farasi kuliko nilivyolala nyumbani. Anachosema Baba Leicester ni kweli, ila kuna ugumu wa aina mbili na watu wanauchanganya.

Mbio za farasi thelathini ni ngumu kwa kila mtu. Mwenye farasi hajui, trena anayemfundisha hajui, joki hajui. Hapo wewe na wao mko sawa gizani. Lakini mbio za wasiowahi kushinda ni ngumu kwako wewe uliye nje ya uzio. Ndani ya uzio kuna wanaojua kitu. Kadi ya mbio inakuandikia baba wa farasi na mama wa farasi, joki, uzito na vitu kama hivyo, basi. Haikuandikii kwamba wiki mbili zilizopita alikohoa, au kwamba kila alfajiri anawaacha wenzake. Haikuambii kama leo ameletwa kushinda au ameletwa kusoma, maana wengi mara ya kwanza huletwa waone umati na geti tu. Na wakiwa wa miaka miwili ndiyo zaidi. Uingereza farasi wote huhesabiwa mwaka mmoja zaidi kila Januari mosi, kwa hiyo aliyezaliwa Februari na aliyezaliwa Mei wanaitwa rika moja. Huyo wa Mei bado mtoto.

Kwa hiyo tisa zako si mkosi. Ulikuwa unacheza karata na watu walioziona.

Lakini usidhani sisi wa ndani tulikuwa matajiri. Nilimtunza jike mmoja wa kahawia, mwembamba, mpole, alikuwa akinisukuma mfukoni kutafuta karoti. Asubuhi moja, umande bado uko chini, alimpita dume aliyekuwa ameshinda mbio tatu, na joki wake bado amekaza hatamu. Tulitazamana tukanyamaza. Siku ya mbio banda zima liliweka pesa, hadi mpikaji. Mimi niliweka nusu mshahara.

Nikamwongoza kwenda pale wanapozungushwa kabla ya mbio. Kipaza sauti kikapiga kelele. Nikasikia anatetemeka, mtetemo unakuja hadi mkononi mwangu kupitia kamba. Nikatazama nyuma, katikati ya mapaja povu jeupe la jasho, kama la sabuni. Nikajua pale pale, na pesa zilikuwa zimeshakwenda. Geti likafunguka, wenzake wakatoka, yeye akasimama kama anauliza wanakwenda wapi. Alifika wa mwisho.

Basi ushauri wangu: wasiowahi kushinda, waache hadi mara ya pili au ya tatu. Na usiweke dau kabla hujawaona wanazungushwa. Simu ya shemeji haiwezi kukuonyesha hayo.

BabaLeicester

Hapo mzee umenigusa. Kentucky Derby ya 2022, ile mbio kubwa ya Marekani, Rich Strike aliingia siku moja kabla baada ya mwingine kutolewa, akashinda kwa odi ya themanini kwa moja. Huyo alinunuliwa dola 30,000 kwenye zile mbio ambazo farasi yeyote anayekimbia anaweza kununuliwa kwa bei iliyotajwa. Wamiliki wa kwanza walikuwa ndani ya uzio na bado walimwachia.

DaftariLaJumapili

Asante sana mzee wangu. Swali dogo: jasho ni dalili mbaya kila mara? Jumapili iliyopita jua lilikuwa kali, wote walilowa. Na yule jike aliishia wapi?

SaisiMstaafu

Jasho la shingoni siku ya jua si kitu. Tazama povu la nyuma, na tazama masikio, yakizunguka zunguka hajatulia. Muhimu zaidi, usimlinganishe na jirani yake, mlinganishe na yeye mwenyewe alivyokuwa mara iliyopita. Kuna farasi hutoka jasho kila siku na hushinda. Ongeza safu moja kwenye daftari lako uandike hilo, mimi sikuwahi kuandika, nilikuwa natunza kichwani.

Jike, mara ya pili trena alimtia pamba masikioni, akamaliza wa tatu. Mpikaji peke yake ndiye alikuwa amemwekea.

MtotoWaMombasa

Mpikaji apewe banda.