Besi ya vali za rota: Miraphone, Cerveny au mpya ya Kichina?

BesiVihiga:
Hamjambo wapiga besi. Naongoza bendi ya kanisa letu la Jeshi la Wokovu huku karibu na Chavakali. Besi yetu (tuba, lile tarumbeta kubwa la sauti nzito) ya Eb, ya pistoni, yaani vali zinazopanda na kushuka, imezeeka. Vali ya pili inakwama katikati ya wimbo na mpigaji anabaki kutoa macho. Harambee imefanyika, sasa tunatafuta BBb, ile ya sauti ya chini zaidi. Tumeonyeshwa tatu, zote za rota (vali zinazozunguka) na vali nne: Miraphone 186 ya mtumba, Cerveny ya mtumba, na mpya kutoka China ambayo ndiyo ya bei ya chini. Wazee wanataka hiyo mpya kwa sababu inang'aa. Vijana wangu wanasoma ufunguo wa G, ule wa sauti za juu, kama wapiga korneti na hawajawahi kushika rota. Vidole vitabadilika? Na mjue sisi tunatembea: gwaride la Jumapili, matanga, mvua ikinyesha tuko barabarani.

MamaKorneti_Nakuru:
Sisi huku Nakuru tulinunua mpya ya Kichina, kampuni siitaji. Sauti haikuwa mbaya hata kidogo. Shida ni viungo vya vali, vile vinavyounganisha kipini na rota. Vililegea mapema, sasa kila nota ina "kacha kacha" yake. Kwenye wimbo wa taratibu unasikia besi na cherehani pamoja.

FundiKondele:
Kijana wangu, vidole havibadiliki. Rota au pistoni, BBb ni BBb. Moja, mbili, tatu ni zilezile, na ya nne inachukua nafasi ya moja na tatu pamoja, tena iko sawa zaidi, maana moja na tatu hupanda juu ya sauti inayotakiwa. Kinachobadilika ni mkono. Kipini cha rota unakigusa tu, nayo inazunguka robo na kusimama. Waliozoea pistoni huzitwanga. Wakataze mapema.

Hiyo 186 naifahamu. Inatoka Waldkraiburg, Bavaria, kwenye kiwanda cha ushirika kilichoanzishwa 1946 na mafundi Wajerumani waliotoka Chekoslovakia baada ya vita. Ni besi isiyo na makuu: ukubwa wa wastani, nota hazitangatangi. Slaidi ya vali ya kwanza, lile bomba la kuvuta, inatazama juu, mkono wa kushoto unaifikia, kwa hiyo nota ikipanda unaivuta slaidi na kuishusha nota huku unapiga. Viwanda vya China vimeiga sana umbo hilo, ndiyo maana wazee wako wakiziweka pamoja hawaoni tofauti ila mng'ao.

Cerveny ni jina la siku nyingi zaidi, 1842, Hradec Králové, Ucheki. Sauti pana, inapulizika kwa urahisi, na mimi binafsi naipenda kuliko hiyo nyingine. Lakini kwa kawaida bati lake ni jembamba. Kwa bendi inayokaa kwenye viti, chukua. Kwa watu wanaoipandisha matatu ya Mbale juu ya magunia, hapana.

Haya yote lakini yanakuja baada ya kuzipima rota. Vuta slaidi ya vali nusu bila kugusa kipini chake. Subiri kidogo. Sasa bonyeza. Ikilia "po!", rota inabana hewa vizuri. Ikinyamaza, hewa ilishapenya pembeni, na rota iliyolika haitibiki kwa mafuta: ni kuivika metali na kuisaga upya, kazi ambayo sijamwona mtu akiifanya huku kwetu. Besi ya namna hiyo iache hata iwe na jina gani. Pima zote nne, usidanganywe na moja.

Kisha fungua kile kifuniko cha rota cha kuzungusha kwa mkono. Ndani kuna mkwaruzo kwenye ncha ya mhimili na mingine miwili kwenye bamba. Bonyeza, achia, ikutane pande zote mbili. Isipokutana usiogope, ni vizibo tu vya kuisimamisha rota vimeliwa. Unakata vingine vya koki au mpira mgumu. Mpira wa kandambili ni laini mno, watu wanajaribu kila siku na kila siku wananiletea.

MwalimuMstaafu:
Fundi nakuheshimu, ila hawa ni watu wa kutembea. Besi ya Besson yenye pistoni za kufidia, zinazoongeza urefu wa bomba zenyewe, ule mfumo aliobuni Mwingereza Blaikley 1874, inakupa nota za chini zikiwa sawa bila kuvuta slaidi yoyote. Tena vipini vya rota viko mbele tumboni, ni chombo cha mtu aliyeketi.

FundiKondele:
Mwalimu, nota za chini kabisa nakuachia. Lakini besi ya kufidia kwa pesa ya harambee utaipata imechakaa, na nyimbo zao za gwaride hazishuki huko. Kuhusu kubeba, fundi wa viatu pale Kibuye anashona ukanda mpana wa ngozi wa begani, ndoano mbili, basi. Mvua ndiyo kazi: wakirudi wamwage maji yote, wachomoe slaidi, watie mafuta mepesi kupitia bomba la mdomoni na kuzichezesha vali, mazito kidogo kwenye mhimili na viungo. Grisi ya slaidi isishuke kwenye rota, inaganda.

BesiVihiga:
Asante mzee. Nimeongea na mwenye 186, amekubali niilete Kisumu uipime kabla sijalipa. Nije saa ngapi?

FundiKondele:
Saa moja asubuhi. Ikifika saa mbili jirani zangu wanaanza kugonga masanduku ya chuma, hapo hiyo "po" hutaisikia wewe wala mimi. Na usiwalete wazee.