Mada: Risiti ya EFRIS haina TIN ya kampuni, mhasibu kaikataa

Kutoka: Athumani, Bugolobi

Wadau, salaam. Naomba msaada, hasa kwenu mlioajiriwa kwenye mashirika hapa Kampala.

Tulipokea wageni kutoka makao makuu Dar, bosi akasema niwapeleke chakula cha mchana mahali pa haraka. Nikawapeleka mgahawa wa Kiasia ndani ya jumba moja la maduka (jina naliacha), wa kupanga foleni: unachagua wali au tambi, halafu nyama, halafu sosi, unalipa, unakaa na kibao cha namba. Chakula tusikizungumze. Haya, kidogo tu: tambi zimegandana donge moja, ukiinua uma sahani nzima inakufuata. Kuku wa sosi tamu ni unga mtupu, ndani kipande kama ukucha. Mgeni mmoja akaniuliza kwa upole kama Kampala hakuna ugali.

Sasa mhasibu kaikataa risiti ya EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi ya Uganda. FDN (namba ya risiti kwenye mfumo) ipo, QR ipo, ila sehemu ya mnunuzi iko wazi, TIN yetu, yaani namba ya mlipakodi, haimo. Nimerudi mgahawani, meneja anasema siku imeshafungwa kwenye mfumo. Kuna namna ya kubadilisha risiti ikishatoka? Au ndiyo inakatwa kwenye mshahara?

Kutoka: Mama Nasra, Kibuli

Pole sana kaka Athumani. Kama ndio huo ninaoudhania, niliwapeleka wanangu sikukuu. Niliomba wali wa kamba, nikaletewa kabichi. Nasema kabichi, na karoti za kuhesabu. Kamba nikawatafuta kama natafuta hereni. Nilipouliza, binti akaniambia kwa adabu zote, "Nnyabo, wamo, wamejificha." Risiti sikuitazama hata.

Kutoka: Mwita, Ntinda

Nairobi hili lisingetokea. Unataja PIN yako ya kodi kabla ya kulipa, mfumo wa Kenya wa eTIMS unatoa risiti na jina lako, kwisha. Watanzania mmezoea mashine zenu za risiti, EFD, mnachukua karatasi mnatia mfukoni bila kusoma.

Kutoka: Mzee Kombo, Old Kampala

Mwita, hajauliza mambo ya KRA, watoza kodi wa Kenya. Kila uzi lazima Nairobi itajwe.

Athumani mwanangu, mambo ni hivi. Mgahawa ukiwa na mauzo ya mwaka ya kuvuka kiwango kilichowekwa, lazima uwe umesajiliwa VAT, na aliyesajiliwa VAT lazima atoe risiti ya EFRIS. Ile asilimia 18 umeshailipa ndani ya bei. Kwa kawaida kampuni haiwezi kudai VAT bila TIN yake kwenye ankara, ndiyo maana mhasibu kakaza shingo. Muuzaji aombe krediti noti kwenye mfumo, ya kwanza ifutwe, akutolee mpya yenye TIN. Kufunga siku hakuhusiani.

Kutoka: Dada Rehema, Muyenga

Mzee wangu, shikamoo, ila usimpe matumaini. Krediti noti si kitufe cha kubonyeza tu. Mimi nafanya uhasibu hapa. Ni maombi, yanatakiwa sababu, na muuzaji mwenyewe lazima atake. Kwa sahani nne za tambi nani atahangaika? Mnakumbuka Aprili 2024 wafanyabiashara walivyofunga maduka Kikuubo kwa ajili ya EFRIS hiyohiyo? Meneja akisikia neno hilo anakunja uso.

Kutoka: Mzee Kombo, Old Kampala

Marahaba. Sikusema ni kitufe. Soma vizuri.

Kutoka: Said wa Jikoni, Kabalagala

Naona mnagombania karatasi, mimi niseme la sufuria, nimepika hoteli miaka mingi. Wali wa kukaanga wa Kichina unataka wali wa jana uliopoa, karai la chuma, na moto wa gesi unaonguruma. Unapika sahani moja moja, dakika chache, unapakua. Hawa wanakaanga sinia zima asubuhi, wanaliweka juu ya maji ya moto hadi saa nane mchana. Mvuke unalainisha kila kitu, tambi zinanyonya sosi zinavimba, unga wa kuku unakuwa uji. Sosi yenyewe imefungwa na wanga wa mahindi, ikikaa inaachana, maji huku, gundi kule. Mpishi hana kosa, kosa ni la aliyeweka zile trei. Siku nyingine nenda saa sita kasoro, kabla foleni haijaanza, na uombe wakupikie mpya. Wakikataa, ondoka.

Athumani, na wageni wa Dar ungewapeleka Kisenyi kwa Wasomali, pilau la mbuzi na ndizi pembeni, wangekuombea dua.

Kutoka: Mwita, Ntinda

Kisenyi watakupa risiti?

Kutoka: Mpemba, Nakawa

Hata chakula cha Kihindi cha hapa kina historia ya machozi. Amin aliwapa Waasia siku 90 mwaka 1972, wakaenda, chapati ikabaki na leo ndiyo rolex, ile ya kuviringishiwa mayai. Wachina wamekuja na trei. Na tazama tulivyo: mhudumu Mganda, mteja Mtanzania, tunaagiza kwa Kiingereza, wakati baraza la mawaziri hapa limekipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022.

Kutoka: Dada Rehema, Muyenga

Usipotoshe watu. Kiliingia kwenye katiba 2005, lugha rasmi ya pili. Cha 2022 ni kutekeleza maagizo ya EAC na kukifundisha shuleni. Mwanangu analetewa kazi ya nyumbani ya Kiswahili na mwalimu ananipigia simu mimi kuuliza majibu.

Kutoka: Mpemba, Nakawa

Hiyo ndiyo EAC yenu. Mimi nataka urojo wa Forodhani tu, mambo ya katiba chukueni.

Kutoka: Mama Nasra, Kibuli

Wallahi umenitonesha. Kuna anayepanda kutoka Dar kupitia mpaka wa Mutukula wiki hii? Nataka kilo kumi za mchele wa Kyela na bizari ya pilau, mzigo nalipia. Na tafadhali msiniletee tena wa dukani mkaniambia ni Kyela. Nanusa.