Kadogo amebeba mita 100

Anko wa Kayole: Habari za jioni familia. Nimeskia huku stejini ati Kadogo amebeba mita 100 ya kaunti, na mimi anko yake naambiwa na makanga?? Ni ukweli?

Mama: Ni ukweli ndugu yangu, pole simu ilizima chaji tukiwa huko. 100 nambari wani, 200 nambari mbili, na kwa kijiti wasichana wao wamemaliza mbele. Nimekaa hapa na medali mkononi hata sijavua viatu

Anti wa Umoja: Woooi!! Kadogo wetu!! Nimepiga kelele mpaka jirani amekuja kugonga mlango akidhani kuna mwizi

Shosho: Asifiwe Mungu. Huyo mtoto nilikuwa namtuma chumvi dukani maji yakiwa kwa moto, anarudi hayajachemka. Na duka ilikuwa ng'ambo ya barabara

Anko wa Kayole: Bro Mkubwa si ulikuwa huko, tupe mambo. Ilikuwaje?

Bro Mkubwa: Nilikuwa kwa fensi pale mwisho. Yeye laini ya 4. Bunduki imelia amechelewa kutoka, mita 30 alikuwa wa tano na mimi nikasema basi imeenda. Halafu mnajua ile kitu anafanyanga akicheza winga, difenda anadhani amemfikia kumbe hakuwa amefungua yote? Kutoka mita 50 ndio ilikuja. Wale wa mbele walikuwa wameanza kukaza shingo na kuinua kidevu, yeye mashavu yanatingika tu, mikono imelegea, amewapita mmoja mmoja mpaka wa mwisho akampata na kifua. 12.4. Lakini msianze kutangaza sana juu hiyo ni saa ya kubonyezwa na mkono, saa ya mkono huongezewa 0.24 ndio ifanane na ya umeme, kwa hivyo hesabuni kama 12.6. Bado ni kali sana kwa mtoto wa miaka 16 ambaye ameshika bloko za kuanzia mbio mara sita pekee maisha yake yote. Mazoezi yake ni mpira jameni, mbio tunafanyanga asubuhi kabla ya shule pale kwa murram

Baba: Hongera kwake, nimefurahi sana na nimemwambia hivyo uso kwa uso. Sasa tuongee kama wazazi. Riadha ilikuwa tem hii, tem ya pili ni mpira, na mwalimu wa mpira ashapiga simu. Mwaka ujao ni KCSE. Mimi naona achague mchezo mmoja na masomo.

Anko wa Kayole: Achague mbio. Haina mjadala. Omanyala si alikuwa mtu wa raga? Akahamia mbio, na Septemba 2021 hapo Kasarani akapiga mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika nzima, mkenya! Nilikuwa hapo kwa viti nikalia kama mtoto. Tumezoea kuambiwa sisi ni watu wa mbio ndefu tu

Anti wa Umoja: Na mpira je? Junior Starlets, timu yetu ya wasichana chini ya miaka 17, 2024 waliwapiga Burundi hapa Nairobi wakaenda Kombe la Dunia la U17 huko Dominican Republic, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA, ya wanaume haijawahi. Na wakashinda Mexico 2-1 huko. Wasichana wa umri wa Kadogo! Ile usiku nilikaa macho na binti yangu mpaka mwisho. Mpira wa wasichana unafunguka sasa ndio mnataka atoke?

Anko wa Kayole: Sijasema ni mbaya Anti. Nasema miguu hiyo ni ya mbio

Bro Mkubwa: Naomba niseme kitu Baba, kwa heshima. Kuchagua atachagua, lakini si leo na si sisi. Letsile Tebogo wa Botswana alikuwa mtoto wa mpira pia. Agosti 2021 alikuja Kasarani kwa mbio za dunia za chini ya miaka 20 akabeba mita 100 na 10.19, na miaka mitatu baadaye Olimpiki ya Paris akabeba dhahabu ya mita 200, ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa nchi yao. Mpira haukumharibu. Kadogo ile nguvu ya kufungua katikati ya mbio ameitoa kwa winga, kukimbia mita 20, kusimama, kugeuka, kukimbia tena dakika 80. Ukimtoa kwa mpira leo hata mbio zenyewe zitapungua

Mama: Mimi mpira siogopi, naogopa ile ya mwaka jana. Mechi tatu kwa siku mbili, mtoto akasema paja linavuta, akaambiwa apakwe dawa arudi uwanjani. Wiki tano hakuweza hata kupanda ngazi ya hii nyumba vizuri. Nilikuwa namkanda usiku na yeye analia kwa mto ndio nisisikie. Hiyo sitaki tena.

Shosho: Hiyo nakumbuka. Hata mimi nililia huku

Bro Mkubwa: Mama hiyo ndio shida yenyewe, si michezo miwili, ni kukosa mapumziko. Huo ni msuli wa nyuma ya paja na ndio hukatika zaidi kwa watu wa mbio za kasi, na ukirudi kabla haujapona unakatika hapo hapo tena. Sasa tem ya pili ikianza naomba iwe hivi, siku baada ya mechi hakuna mbio za kasi, kutembea tu na kunyoosha. Na akisema linavuta anatoka, hata kama ni fainali. Mimi nitaenda kuongea na mwalimu mwenyewe, lakini Baba tukienda na wewe atasikia zaidi

Binamu wa Marekani: Nimeamka nikapata meseji 40 😂 hongera Kadogo!! Baba Mdogo kitu moja tu, huku vyuo mpira wa wasichana ni Agosti mpaka Novemba hivi, na mbio za nje ni kuanzia Machi mpaka Juni. Hazigongani. Kuna wasichana wanafanya zote mbili. Lakini wanaangalia gredi kwanza, hiyo Baba Mdogo uko sawa kabisa

Baba: Asante. Hiyo ya gredi aisome yeye mwenyewe.

Mama: Ni mimi Kadogo, nimechukua simu ya Mama. Nimesoma yote. Baba hesabu nimepanda kutoka C plasi hadi B, ripoti iko kwa droo ya tivii. Sitaki kuacha mpira tafadhali. Na mbio pia sitaki kuacha. Ile mita 50 za mwisho nilikuwa siskii miguu, nilikuwa naskia tu upepo masikioni, nataka kuiskia tena

Anti wa Umoja: 😭😭 mtoto wangu

Bro Mkubwa: Na hamjaambiwa alikimbia na nini. Spaiki (viatu vya mbio vya misumari) za kuazima saizi 7, yeye ni 5. Alijaza soksi huku mbele kwa vidole, na kisigino akafunga na utepe wa plasta. Akivua kidole kikubwa kilikuwa na lengelenge limepasuka

Anko wa Kayole: Ati nini?? Nitashuka Gikomba Jumamosi asubuhi wakifungua belo. Niambieni natafuta ya aina gani

Bro Mkubwa: Ya mbio fupi Anko, ile soli ngumu haipindiki ukiikunja na mkono. Ikipinda ni ya mbio ndefu, iache. Na misumari isizidi milimita 9, hiyo ndio mwisho kwa tatani, ile njia ya mbio ya raba

Anti wa Umoja: Natuma 500 saa hii kwa Anko

Shosho: Na mimi 200, kijana wa hapa atanitumia

Baba: Anko usitafute peke yako, nitakuja tushuke pamoja saa 12. Jumatatu Bro Mkubwa tutaenda kwa mwalimu. Kadogo, saizi 5 kamili ama na nusu?

Mama: Tano kamili Baba. Njumu za mpira bado ziko sawa, hizo msinunue