Naomba ushauri: okidi yangu ya milimani inapukutisha majani

Habari zenu wadau. Nina kiokidi kinachoitwa Dendrobium cuthbertsonii, cha milima ya kisiwa cha Guinea Mpya. Mmea mzima ni mdogo kama kidole, lakini ua moja linaweza kukaa hata miezi 9 bila kunyauka. Hilo ndilo lililoniponza nikakinunua.

Nilikipanda kwenye sfagnamu (vimmea laini vya kinamasi vinavyoshika maji), ndani ya kijichungu cha plastiki. Mwanzoni kilikuwa safi kabisa, majani yana vile vipele vyake vidogo (nilidhani ni wadudu, nusura niyasugue!). Sasa ni wiki ya tatu majani ya chini yanageuka njano, ukiyagusa tu yanadondoka. Jana nikachungulia mizizi: ya juu bado myeupe, ya katikati imekuwa ya kahawia na inateleza vidoleni.

Najua kwao ni mita 2,000 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ukungu mwingi, usiku baridi. Kwangu usiku joto halishuki chini ya nyuzi 20, na ndipo ninaposhuku. Maji ni ya mvua, mbolea robo ya kipimo.

Je, nikate mizizi iliyooza nikihamishie kwenye kipande cha gome, au nisikisumbue kwanza? Na chungu cha udongo, kile kinachopoa maji yakivukiza, kitatosha kwa joto hili la usiku? Aliyewahi kukilea penye joto anieleze ukweli, hata kama ni kwamba nimeshakipoteza.