Kutofautisha Thermocyclops na Mesocyclops chini ya hadubini: naomba mwongozo

Binti_wa_Mara aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni msaidizi wa maabara kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, upande wa Tanzania, na huu ni mwezi wangu wa nne wa kujifunza kuwatambua zuplanktoni, yaani wale wanyama wadogo mno wanaoelea majini ambao dagaa wetu huwategemea kwa chakula. Makundi makubwa sasa nayafahamu. Kati ya kladosera, yaani viroboto-maji, Bosmina namjua kwa antena zake zilizoinama mbele ya kichwa kama mkonga wa tembo, na Daphnia lumholtzi kwa kichwa kilichochongoka na mwiba mrefu wa nyuma. Kalanoidi na saiklopoidi, makundi mawili ya kopepodi (wanyama wadogo wa jamii ya kamba), siwachanganyi tena, kwa kuwa kalanoidi ana antena ndefu zinazokaribia urefu wa mwili wake na jike hubeba kifuko kimoja cha mayai, ilhali saiklopoidi ana antena fupi na jike hubeba vifuko viwili, kimoja kila ubavu.

Ninapokwama ni ndani ya saiklopoidi wenyewe, kutenganisha jenasi mbili, Thermocyclops na Mesocyclops; nao saiklopoidi ndio wengi kuliko wote katika sampuli zetu. Wiki iliyopita mimi na mwenzangu tulihesabu sampuli ileile moja. Mimi niliandika Thermocyclops 212 na Mesocyclops 9. Yeye akaandika 151 na 64. Kwa jumla tulikaribiana, lakini kwa majina ni kana kwamba kila mmoja alichota maji katika ziwa lake. Mimi nilikuwa nawatenganisha kwa ukubwa, mdogo namwita Thermocyclops na mkubwa Mesocyclops. Mwenzangu alikuwa akitazama umbo la mwili. Kitabu cha utambuzi tulichonacho kiliandikwa kwa ajili ya wanyama wa Ulaya, na kila mara kinatupeleka kwenye jina la mnyama ambaye hayupo huku kwetu. Naomba mnieleze mlivyojifunza ninyi, na kama kuna alama moja ninayoweza kuitegemea. Nina swali jingine dogo: kwa nini baadhi ya rotifera wetu (zuplanktoni wadogo zaidi, wenye duara la vinyweleo kichwani) wanafika mezani wakiwa wamejikunja kama vidonge?

Mzee_wa_Wavu (Kigoma) alijibu:

Binti yangu, umefanya jambo la maana kuhesabu sampuli moja pamoja na mwenzako, kwa maana wengi huogopa kufanya hivyo na makosa yao hukaa kwenye karatasi miaka mingi. Kosa la kutenganisha kwa ukubwa nami nimelifanya. Kopepodi hukua kwa hatua: huanguliwa akiwa nauplio mwenye jozi tatu tu za viungo, akapita hatua sita za unauplio, kisha hatua tano za ukopepoditi, ndipo anakuwa mtu mzima. Kwa hiyo Mesocyclops ambaye bado ni kijana anaweza kulingana na Thermocyclops aliyekwisha kukomaa. Ukiwatenganisha kwa urefu, unahesabu umri na kuuita spishi.

Alama ya kuaminika imo katika mguu wa tano. Kwa saiklopoidi mguu huu umesinyaa sana. Katika jenasi hizi mbili una pingili mbili tu, nao umejificha upande wa tumbo, pale mwili unapoanza kuwa mwembamba, mbele kidogo ya pingili ya uzazi. Pingili ya mwisho ya mguu huo ina unywele mmoja na mwiba mmoja. Kwa Thermocyclops vyote viwili vimeota nchani, kimoja kando ya kingine. Kwa Mesocyclops unywele uko nchani, lakini mwiba umeota kwenye ukingo wa ndani, kama katikati ya pingili. Jicho lako litafute mahali mwiba unapoanzia, wala lisihangaike na kitu kingine kwanza.

Sasa namna ya kufika hapo. Chagua majike waliobeba mayai, kwa kuwa hao bila shaka wamekomaa. Mtoe mmoja kwa bomba jembamba, mweke ndani ya tone dogo la glisirini juu ya kioo, kisha mlaze chali. Funga pini mbili za wadudu, zile nyembamba kabisa, kwenye vijiti ili upate mahali pa kushika. Pini moja imkandamize kifuani taratibu, ya pili ikate nyuma ya mguu wa nne. Kipande cha nyuma kitabaki na mguu wa tano pamoja na mkia. Kilaze kipande hicho tumbo juu, kifunike kwa kioo chembamba, uanze na lenzi ndogo, kisha upande hadi ukuzaji wa mara 400. Punguza mwanga. Mwanga ukiwa mkali, unywele humezwa na mng'ao na utaapa kwamba haupo. Mkono mmoja usiache skrubu ndogo ya kulenga, uende mbele na nyuma polepole, kwa sababu mwiba na unywele haviko kwenye kina kimoja.

Halafu chora. Vijana wanaokuja kwangu huchora majike thelathini kwa penseli kabla sijawaruhusu kuandika jina lolote kwenye karatasi ya hesabu. Wananiuliza kwa nini tusipige picha kwa simu tu. Picha ni nzuri kwa kumbukumbu, lakini hunasa kina kimoja, na mtu anaweza kupiga picha mia bila kuamua chochote. Anayechora hana budi kuamua mwiba unaanzia wapi, la sivyo penseli haisogei.

Huku Tanganyika kazi ni nyepesi kwa upande mmoja, kwani maji ya katikati ya ziwa yanatawaliwa na kopepodi wachache, hasa Tropodiaptomus simplex, Mesocyclops aequatorialis na Tropocyclops, na kladosera hawaonekani humo. Ndiyo maana kijana aliyefundwa Kigoma akifika Mwanza hujiona ameanza upya, akikutana na kladosera kama Moina, Ceriodaphnia na Diaphanosoma kwenye sahani moja.

Mtafiti_Winam (Kisumu) alijibu:

Nakubaliana na Mzee kuhusu mguu wa tano, ila ningependa kuongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililowatenganisha wewe na mwenzako zaidi ya mwiba. Dada, nadhani wote wawili mliwapa majina wanyama ambao hawakustahili kupewa jina. Kopepoditi ambao hawajakomaa hawana alama hizo kwa ukamilifu, kwa hiyo karatasi yenu inapaswa kuwa na safu ya "nauplio" na safu ya "kopepoditi wa saiklopoidi", na hao mkawaacha humo bila aibu yoyote. Jenasi na spishi ziandikwe kwa waliokomaa tu. Nina hakika zile 212 zako zikichujwa hivyo zitapungua sana.

Pili, hamwezi kumkata kila mnyama. Katika kila sampuli, wapasueni majike kadhaa waliochukuliwa bila kuchagua, mpate uwiano wa jenasi hizo mbili, kisha mrudi kuwatazama waliobaki wazima mkiwa mnajua nani anaishi kwenye maji hayo. Alama ya ziada kwa Mesocyclops ni utando mwembamba ulio wazi kwenye pingili ya mwisho ya antena ya kwanza, wenye mkato unaoonekana vizuri mkitumia lenzi kubwa.

Kuhusu rotifera: wale wenye gamba gumu, kama Brachionus na Keratella, hubaki na umbo lao hata ndani ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia sampuli. Wasio na gamba, kama Asplanchna na Synchaeta, hujikunja mara wanapoguswa na dawa, na mkishawakuta wamekuwa vidonge hakuna la kufanya. Tengeni sehemu ndogo ya sampuli mwitazame ingali hai siku hiyohiyo, au walegezeni kwanza kwa maji ya soda yasiyo na sukari kabla ya kutia formalini. Kwa kladosera shida ni nyingine: formalini tupu huwafanya wavimbe na kumwaga mayai, na kuongeza sukari ya kawaida kwenye formalini ya asilimia 4 husaidia kuzuia hilo. Na tafadhali, ichujeni sampuli na kuisuuza kwa maji kabla ya kukaa nayo saa nzima mezani, madirisha yakiwa wazi. Mvuke wa formalini unadhuru, na kwenye maabara ndogo watu huuzoea mpaka wakadhani haupo.

Angalieni pia hesabu ya maji mliyochuja. Wavu wenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 25, ukivutwa wima mita 20, hupitishiwa lita 982 hivi, iwapo haukuziba. Kipindi cha mwani mwingi huziba, nasi hapa Ghuba ya Winam tunalijua hilo vizuri.

Sambaza_Bukavu alijibu:

Ndugu zangu, jozi hiyohiyo tunayo Ziwa Kivu, ambako Thermocyclops consimilis na Mesocyclops aequatorialis ndio kopepodi wakuu wa maji ya kina. Naongeza neno moja kwa dada yetu aone kwamba uchovu wake una thamani. Sambaza, yaani Limnothrissa miodon, aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake palikuwa na Daphnia mkubwa, Daphnia curvirostris, ambaye baadaye hakuonekana tena kwenye maji ya kina. Hilo lilijulikana kwa sababu kuna watu waliokuwa wamemtaja kwa jina lake katika sampuli za zamani. Laiti wangeandika "kladosera" tu, kupotea kwake kusingejulikana.

Binti_wa_Mara alijibu:

Nawashukuru sana, Mzee, Mtafiti na ndugu wa Bukavu. Nimetumia siku nne kufanya mliyonielekeza. Majike sita wa kwanza niliwaharibu, kwani nilikata nyuma mno na mguu wa tano ukang'oka pamoja na kifua. Wa saba alikatika vizuri. Mwanzoni sikuona kitu isipokuwa weupe, nikapunguza mwanga kama Mzee alivyosema, na mguu ukajitokeza: pingili mbili ndogo kama punje, na mwiba umeota kando, katikati kabisa ya ukingo wa ndani. Alikuwa mdogo. Kwa kigezo changu cha zamani ningemwandika Thermocyclops bila kusita.

Tumewapasua majike 40 kutoka sampuli ileile tuliyobishania, kila mtu akichora bila kuona mchoro wa mwenzake, na tumetofautiana kwa wawili tu, ambao kioo cha kufunikia kilikuwa kimewaponda. Kopepoditi tumewahamishia kwenye safu yao, na kweli zaidi ya nusu ya wale 212 wameingia humo. Slaidi kumi bora tumezizungushia rangi ya kucha ukingoni ili glisirini isivuje, tukaziweka sandukuni kwa ajili ya atakayekuja baada yetu. Kesho tunaanza kurudia karatasi za miezi mitatu iliyopita, tukianza na ile ya Machi.